Nani Alipiga Mkwaju wa Mwisho?

Jumamosi moja jioni nilikuwa nimeketi kwenye kijiwe cha kahawa, Buguruni Malapa, mahali nilipozoea kukaa tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Ni kijiwe cha kawaida: dele juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo, sahani ya kashata na mabishano yasiyokwisha. Kwa wasioifahamu Buguruni, ni pale ambapo Barabara ya Uhuru inakutana na Barabara ya Mandela. Ukiifuata Mandela kuelekea Tazara, unaweza kufika Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa miguu, na siku za mechi kubwa wako wengi wanaofanya hivyo kwa sababu nauli imeishia kwenye tiketi.

Ubishi wa siku hiyo ulihusu wachezaji bora wa Simba wa nyakati zote. Majina yalikuwa yaleyale. Mzee mmoja, fundi viatu ambaye ni Yanga wa damu, alikuwa akisikiliza tu huku akishona soli. Mwishowe akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ni Simba. Mwaka 2003, kule Cairo, nani alipiga mkwaju wa mwisho?"

"Kaseja ndiye aliyetuvusha, mzee wangu," nikajibu bila kufikiri.

"Sikuuliza nani alidaka. Nimeuliza nani alipiga."

Nikakosa jibu. Vijana wakatazamana, mmoja akaanza kuitoa simu mfukoni. Mzee hakumsubiri. "Christopher Alex," alisema, akairudia kazi yake. "Hata marehemu wenu tuwatunzie sisi watani?"

Kijiwe kizima kilicheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi nyumbani nimefadhaika. Mimi ni mtu ninayesimama mbele ya wanafunzi kila muhula kuwaeleza kwamba historia imeandikwa kwa upendeleo, kwamba tunayaona majina ya magavana na hatuwaoni wapagazi. Ninawapa alama kwa kulieleza jambo hilo vizuri. Kumbe katika kitu ninachodai kukipenda kuliko siasa, ninatunza historia ya magavana.

Tuukumbuke vizuri mchezo wenyewe. Zamalek ya Misri ilikuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Simba, chini ya kocha Mkenya James Siang'a, ilishinda bao 1-0 Dar es Salaam, mfungaji akiwa Emmanuel Gabriel. Marudiano, Agosti 2003, Zamalek nao wakashinda 1-0. Ikaja mikwaju ya penalti, na Simba ikashinda 3-2. Juma Kaseja, aliyekuwa bado kijana mdogo, aliokoa mikwaju na jina lake likaingia katika masimulizi ya taifa, kwa haki kabisa. Simba ikaingia hatua ya makundi, ikapangwa pamoja na Enyimba ya Nigeria, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe mwaka huo.

Sasa tuitazame hesabu hiyo. Mlinda mlango anaweza kuzuia mikwaju, lakini hawezi kuishindia timu yake mchezo kama wenzake hawafungi. Mikwaju mitatu ya Simba ilifungwa na watu, na wa mwisho wao alikuwa Christopher Alex Massawe, kiungo mkabaji. Tena kabla ya mikwaju kulikuwa na dakika 180. Katika dakika hizo zote, mabingwa wa Afrika walipata bao moja tu, na hapa Dar es Salaam hawakupata hata moja. Kama wangepata la pili kule Cairo, au moja hapa nyumbani, pasingekuwa na mikwaju, wala shujaa wa mikwaju. Mlango ambao Kaseja aliulinda kwa dakika chache zile za mwisho ulikuwa umekwisha kulindwa na watu kumi mbele yake kwa michezo miwili.

Kazi ya kiungo mkabaji ni ngumu kuiona kwa sababu matokeo yake ni mambo yasiyotokea. Anasimama mahali ambapo pasi ilikuwa ipite, kwa hiyo pasi haipigwi. Anamsukuma mshambuliaji pembeni hatua mbili, kwa hiyo shuti halipigwi. Anaufunika upande wa beki aliyepanda, na hakuna anayegundua kwamba upande ule ulikuwa wazi. Nani atapiga makofi kwa ajili ya shuti lisilopigwa?

Nadhani namna tulivyoupokea mpira imechangia. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo, aliyekosa nauli au tiketi aliusikia mchezo kupitia Radio Tanzania, na mtangazaji wa redio humfuata mwenye mpira. Asiye na mpira hana jina. Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0. Mtoto yeyote wa Msimbazi atakwambia kwamba Abdallah Kibadeni alifunga matatu. Muulize matatu yaliyobaki. Mawili yalikuwa ya Jumanne Masimenti, na moja mchezaji wa Yanga alijifunga. Mtu aliyefunga mabao mawili katika ushindi mkubwa kuliko wote wa watani wa jadi, leo anahitaji kutambulishwa.

Ajabu zaidi ni mwaka 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Kizazi changu hakijalisahau jina la Boli Zozo, aliyetuliza siku ile tulipofungwa 2-0 Uwanja wa Taifa. Lakini mchezo wa kwanza, kule Abidjan, uliisha 0-0. Ugenini, katika fainali ya Afrika, vijana wetu walizuia kila kitu. Wataje mabeki wa siku hiyo. Nilijaribu mwenyewe nikiwa peke yangu, baada ya aibu ya Malapa, na sikuweza kuwamaliza. Namjua aliyetuumiza kuliko waliotukinga.

Kuna watakaosema kwamba mpira ni mabao, na kwamba ni haki mfungaji akumbukwe zaidi. Sina ugomvi na wafungaji. Kibadeni apewe matatu yake na Kaseja apewe usiku wake wa Cairo. Hoja yangu ni kwamba klabu inayokumbuka wafungaji tu inajifundisha vibaya juu ya sababu za ushindi wake yenyewe. Itatafuta mshambuliaji mwingine kila inapofungwa, hata pale tatizo lilipo kiungo.

Nchi nayo hujifundisha hivyohivyo. Wengi wenu mnaonisoma ni watumishi wa umma, na mnajua ninachokisema. Utepe hukatwa na mgeni rasmi, jiwe la msingi huchongwa jina lake. Mhudumu wa afya aliyepita nyumba kwa nyumba hapa Mnyamani akiwahimiza watu wachemshe maji hana jiwe, kwa sababu kipindupindu kisichoingia mtaani hakina sherehe. Karani aliyeligundua kosa kwenye hati ya malipo kabla halijawa hasara hana cheti, kwa sababu hasara isiyotokea haina taarifa. Tukishawasahau, huwa rahisi kuwapunguza. Bajeti inapobana, hukatwa kwanza kile ambacho hakuna aliyekuwa akikiona.

Ningependa kuishia hapa, nikiwa nimewalaumu wengine. Lakini swali la fundi viatu lilinifuata hadi kwenye kabati la vitabu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika ripoti ya utafiti kuhusu upatikanaji wa maji katika mitaa ya Buguruni. Jina langu liko kwenye jalada. Mahojiano mengi yalifanywa na dada mmoja mkazi wa hapahapa, aliyejua ni saa ngapi akina mama wako kisimani, ni mlango upi wa kubisha na upi wa kuusubiri ufunguke wenyewe. Mara mbili alinirudisha nyuma nisiulize swali ambalo lingetufanya tufukuzwe. Niliifungua ripoti ile nimtafute. Nilimkuta kwenye ukurasa wa shukrani, ndani ya maneno manne: "na wasaidizi wengine wote".

Nilimpigia simu. Alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi nilishazoea." Sijui kama kuna mwanafunzi aliyewahi kunisahihisha kwa ukali kuliko huo. Nakala iliyo kwenye tovuti ya idara nimeomba irekebishwe, jina lake liwe pamoja na langu. Lakini zilizochapwa haziwezi kurudi, na zipo kwenye rafu za ofisi ambazo mimi siingii.

Christopher Alex naye hawezi kurudi. Alifariki Dodoma mwezi Februari 2015. Niliisoma habari hiyo nikiwa nasahihisha mitihani, nikasema "maskini", nikageuza ukurasa. Ndiyo sababu jina lake halikuwepo mdomoni mwangu pale Malapa nilipolihitaji.

Naziomba klabu zetu mbili kubwa jambo lisilohitaji mdhamini. Andikeni orodha. Kila mchezaji aliyewahi kuivaa jezi katika mchezo wa mashindano, miaka yake, nafasi yake, michezo yake. Wa Msimbazi iwekwe ukutani Msimbazi, wa Jangwani iwekwe Jangwani. Wazee wanaoweza kuyajaza mapengo bado wapo, lakini wanapungua kila msimu. Kutoka kwenye orodha hiyo ndipo mnaweza kuanza kujadili bima ya afya na akiba ya uzeeni kwa waliocheza, maana hamwezi kumtunza mtu ambaye jina lake hamnalo.

Na wewe, ndugu msomaji, usiniachie mimi na klabu kazi hii yote. Ifungue ripoti ya mwisho uliyoiandika au kuisaini. Angalia kuna nani ndani ya "wengine wote".

Jumamosi iliyofuata nilirudi kijiweni na orodha yangu niliyoiandika kwa mkono: kikosi cha Simba kilichocheza Cairo, kadiri nilivyoweza kukikamilisha. Nilimpa fundi viatu aikague. Aliivaa miwani yake, akapitisha kidole jina kwa jina, akasimama kwenye nafasi moja niliyoiacha wazi. Akaniomba kalamu.