Viza Moja, Mlango Mmoja

Akina mama wenzetu, wengi wetu tukipanga safari ya mbali hufikiria kwanza nauli na nguo za baridi. Sisi wanne wa kikundi kimoja cha kanisa huko Mombasa tulijifunza mwaka 2019 kwamba maneno mawili katika pasipoti yaweza kuwa mazito kuliko nauli.

Novemba mwaka huo tulikwenda kwa ndege hadi Delhi, kwa garimoshi hadi Gorakhpur, kisha kwa basi hadi mpaka wa Sonauli. Mbele yetu ilikuwa milima ya Nepal na mji wa Tansen, wenye hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1954. Huko alikuwa akijitolea binti wa mmoja wetu, mama mjane aliyetuzidi sote umri. Kurudi, tungepita njia ile ile.

Nepal haikutupa taabu. Viza yake hutolewa mpakani kwa wasafiri wa nchi nyingi, Kenya ikiwamo: dola 30 za Marekani kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30. Tulibeba fedha taslimu na picha ndogo. Kadi za chanjo ya homa ya manjano tulikuwa nazo pia, maana atokaye Kenya bila kadi hiyo India yaweza kumweka karantini hadi siku sita. Chanjo yenyewe hukubaliwa siku kumi baada ya kudungwa, kwa hiyo si jambo la kungojea wiki ya mwisho.

Wahindi na Wanepali huvuka Sonauli bila viza. Umati hupita na mizigo yake, na ofisi ya uhamiaji ya India ni ndogo, imebanwa na maduka. Mgeni asipouliza, hujikuta Nepal bila muhuri wa kutoka. Tuliuliza, tukaipata. Ofisa akagonga muhuri pasipoti tatu, ya nne akabaki nayo mkononi.

"Mama, utarudi India?" akamwuliza mwenzetu.

"Ndiyo, mwanangu."

"Viza hii ni ya kuingia mara moja. Na umekwisha kuingia."

Tulinyamaza. Kuomba viza nyingine Kathmandu kungechukua siku ambazo hatukuwa nazo. Mama akafunga mkoba wake, akasema, "Nendeni, wanangu. Mimi nitarudi Delhi niwangojee. Mnisalimie mtoto."

Hapo tuliona haya. Wawili wetu ni wauguzi. Dawa tumefundishwa kuisoma mara tatu: ukiitoa kabatini, ukiipima, na ukiirudisha. Lakini wakala wa safari alipotuletea pasipoti zile tulimshukuru Mungu, tukazitia mkobani, hatukuzisoma hata mara moja. Kosa lilikuwa letu sote. Kwa nini hasara iwe ya mjane peke yake?

Kila mmoja alikuwa na akiba ya kununulia shali na zawadi za nyumbani. Tukazikusanya papo hapo, tukapiga hesabu, zikatosha tiketi ya Kathmandu hadi nyumbani kupitia nchi za Ghuba. Mama akavuka pamoja nasi. Jumamosi, siku ambayo makanisa mengi ya Nepal hukusanyika kuabudu, tulimwona ameketi bega kwa bega na bintiye. Hakuna aliyetaja shali.

Basi, mpendwa msomaji, ukipanga safari ya kuvuka mipaka, chora njia yako kwenye karatasi. Usihesabu nchi, hesabu ni mara ngapi utaingia kila nchi. Ukiwa na viza ya kielektroniki, hakikisha kituo utakachoingilia kimo katika orodha yake. Kisha kaeni pamoja, mbadilishane pasipoti, kila mmoja asome ya mwenzake kwa sauti: jina, tarehe, na idadi ya kuingia. Jicho la jirani huona lile ambalo furaha yako imelificha.