Mluzi wa Kitonga

Tanga mjini hakuna mlima. Ukitoka Chumbageni mpaka Raskazone unateleza tu, na ndiyo maana baiskeli zimetutawala. Nimeendesha gari miaka kumi na tisa, lakini gia ya kwanza kwangu ilikuwa ya kuondokea nyumbani, basi. Kwa hiyo dada yangu alipohamia Iringa na kuniita nikamwone mjukuu, nilijua naiendea barabara ambayo miguu yangu haijaizoea. Morogoro nilikuwa nimefika mara mbili. Mbele ya Morogoro nilikuwa napajua kwa kusimuliwa.

Gari aliniachia marehemu mume wangu. Liliundwa Japani mwaka 2002, likatumika huko, kisha likaja kwetu kwa meli kama mengi ya wenzake. Juu ya boneti lina pua ya kuingizia upepo, na ndani lina turbo. Mume wangu alikuwa akisema gari hili lina pumzi mbili, nami nilidhani ni maneno ya mtu na mali yake. Safari hii ndiyo iliyonifundisha alikuwa na maana gani.

Mwenzangu njiani alikuwa mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka ishirini anayejifunza ufundi magari. Tuliondoka alfajiri, Muheza tukanunua machungwa, Segera tukakata kushoto. Mpaka hapo gari lilikuwa kimya na jepesi. Tulipovuka Mto Wami na kuanza kupanda ng'ambo ya pili, nikakanyaga mafuta, na gari halikuitika. Si kwamba lilizima. Lilikuwa kama mtu unayemwita jina lake akageuka, akakutazama, asiseme neno.

"Shangazi, gari haivuti," akasema kijana.

Ndipo nikausikia mlio chini ya boneti: fsssss, mrefu, kama mpira wa baiskeli uliochomwa na mwiba. Nikiachia mafuta unakatika, nikikanyaga unarudi. Kilima kikaisha, gari likawa zima kabisa. Kufika Chalinze taa ya injini ikawaka, ya njano, ndogo kama punje ya mtama, nami sikuwa na jicho la kutazama kitu kingine tena mpaka Morogoro.

Tukalala Morogoro, na jioni ileile tukaingia gereji moja. Fundi kijana akachomeka mashine chini ya usukani, ikatoa namba: P0172. Akatueleza kuwa hiyo ni petroli nyingi kuliko hewa. Akatuorodheshea vya kununua: sensa ya hewa, plagi zote nne, na nozeli ikibidi. Kwa hesabu yake ilikuwa ni nusu ya fedha niliyobeba. Mtoto wa kaka yangu akaniomba kwa macho nisikubali. Tukamlipa fundi kwa kuisafisha ile sensa na kuifuta namba, taa ikazimika, nami nikalala usingizi mzuri. Sikumchukia yule kijana hata baadaye. Mashine ilimwambia kweli, ila ilimwambia maumivu tu, haikumwambia ugonjwa. Mtu akisema tumbo linauma amesema kweli, lakini tumboni mna vitu vingi.

Siku ya pili tulivuka hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi yenyewe kwa karibu kilomita 50, na unakwenda polepole kwa sababu wanyama wanavuka watakapo. Nilikuwa nimewaona twiga katika vitenge na katika matangazo ya biashara ya watalii. Kumwona amesimama mita kumi kutoka dirishani, anatafuna, shingo imepita juu ya mti kama mlingoti wa jahazi, nilishusha kioo nikasahau kuzungumza. Pundamilia walikuwa wamesimama wawiliwawili, kila mmoja kichwa mgongoni mwa mwenzake, kama wazee wanaosikiliza hotuba ya nikahi. Na gari? Gari lilikwenda kama maji. Kijana wangu aliliona jambo hilo kabla yangu, akaniambia tukariri: taratibu kwenye tambarare halina neno, likibebeshwa kazi, linapumua nje.

Baada ya mji wa Mikumi nchi inabadilika. Unaingia bonde la mibuyu. Sisi pwani tunayo mibuyu, mmoja hapa mmoja pale, kila mmoja na hadithi yake na pengine kitambaa chekundu. Ruaha Mbuyuni mibuyu ni msitu. Inajaza milima mizima, minene, ya kijivu, bila majani kwa kuwa ulikuwa mwezi Julai. Pembeni ya barabara akina mama wamepanga vitunguu vyekundu katika mafungu, na joto ni la Tanga kabisa. Nilijisikia nyumbani. Nikanunua fungu, nikamwuliza mama mmoja Kitonga ni wapi. Akaonyesha kwa kidevu ukuta wa milima uliokuwa mbele yetu.

Nimejaribu kuwaeleza watu wa Tanga jinsi Kitonga ilivyo. Chukua ngazi za ghorofani, zile zinazojipinda, uzilaze kwenye ubavu wa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa tupu. Halafu upandishe juu yake malori ya Zambia na Kongo, yaliyoshiba mzigo, yakienda mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nyani wamekaa kwenye kingo wakitutazama. Nilipoingia kona ya pili gari likaishiwa. Gia ya tatu ikashindwa, ya pili ikashindwa, nikarudi kwenye ile gia yangu ya kuondokea nyumbani. Fsssss. Katika kioo cha nyuma nikaona moshi mweusi tunaouacha, mweusi kama wa kibatari, na harufu ya petroli mbichi ikaingia ndani. Taa ya njano ikawaka tena.

Mikono ilinitetemeka, sioni sababu ya kulificha hilo. Nilitaka kukanyaga zaidi. Kijana akaweka mkono juu ya wangu.

"Usiikanyage, Shangazi. Ibembeleze. Ukikanyaga unaongeza uvujaji."

Nikapunguza mafuta hadi robo. Mlio ukafa, moshi ukakata, na gari likaanza kupanda, pole, nyuma ya lori la mbao, kona baada ya kona. Sijawahi kulipenda lori kama nilivyolipenda lile. Tulipotoka juu nikasimama pembeni, nikataka kuzima. Akanikataza hilo nalo: turbo ikitoka kazini huwa nyekundu kwa joto, na ufito wake unaogelea katika oili, ukizima papo hapo oili inasimama na kuungulia mlemle. Tukaliacha lingurume dakika mbili. Hapo ndipo nikasikia baridi. Nilikuwa nimetoka kwenye jasho la Ruaha Mbuyuni muda mfupi tu uliopita, na sasa watoto wanaouza nyanya za Ilula wamevaa masweta mazito. Nikafungua begi, nikajifunga kanga mbili.

Usiku ule kwa dada, baada ya mjukuu kulala, kijana alinichorea turbo nyuma ya karatasi ya sukari. Ni pangaboi mbili ndogo, hakuna iliyozidi kiganja, zimeshikana kwa ufito mmoja. Moshi unaotoka katika injini, ambao magari mengine yanautupa, humu unazungusha pangaboi ya kwanza. Ya pili inazunguka nayo, inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Huo ufito unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nikamwambia ni kama mhunzi ambaye mvukuto wake unapulizwa na moto wenyewe, na hakuna anayeshika mpini. Akasema ndivyo. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905.

Kilichonishika zaidi ni habari ya mlima. Iringa iko juu ya bahari kwa mita 1,500 na kitu, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini isiyo na turbo inapungukiwa na nguvu hapo kwa kukosa pumzi tu. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, mita 4,300 hivi. Chini ilikuwa na nguvu za farasi 350. Kule juu zilishuka hadi 230. Alipoifungia turbo, zikarudi zote. Nililala nikimfikiria mtu huyo na injini yake katika theluji, na gari letu pale uani. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya milima, na milimani ndipo kilipotuangusha.

Asubuhi dada alituelekeza kwa fundi mmoja Ipogolo, bondeni, pale barabara kuu inapopita chini ya mji. Mzee, koti la bluu limefifia, redio ndogo inaimba juu ya tairi. "Kamwene," akasema, na dada alikuwa amenifundisha nijibu hivyohivyo. Kisha akaniuliza maswali, na kwa muda mrefu hakugusa hata spana. Linakataa wakati gani? Likiwa la moto au la baridi? Kwenye tambarare je? Mlio unatoka kulia au kushoto? Oili inapungua? Nilijibu moja moja, naye akawa anaitikia kwa "ehee", kama mganga mzuri wa zamani. Alipopitisha kidole ndani ya bomba la moshi kikatoka na masizi makavu, meusi. Akakinusa. Oili haimo, akasema, ni petroli tu.

Kisha akafungua bomba la mbele ya turbo, akaingiza vidole viwili, akaushika ufito. Akaucheza pembeni: ulitikisika kidogo sana. Akauvuta na kuusukuma: haukusogea hata unywele. Akanishika mkono mimi, si kijana, akanitaka niushike mwenyewe. Kile chuma kilikuwa laini na baridi, mapanga yake membamba kama magamba ya samaki, na kwa kidole kimoja kilizunguka bila sauti. "Turbo yako nzima, mama," akasema. Mpaka wakati huo sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimejiandaa kuambiwa imekufa.

Alichofanya baadaye kiliniacha mdomo wazi kwa furaha, kwa sababu nilikifahamu. Akaziba mdomo wa bomba kwa kifuniko cha plastiki alichokitoboa na kukitia valvu ya tairi. Akapuliza hewa kidogo kwa kompresa, kidogo tu, maana hewa nyingi inaharibu vitu. Akachovya brashi katika kopo la maji ya sabuni, akapaka kila kiungo. Ni ziba-pancha ya barabara ya tano, Tanga! Kila mtoto wa kwetu ameona mpira wa baiskeli ukizamishwa kwenye karai ili mapovu yaonyeshe tundu. Nikainama karibu. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Akapeleka brashi kwa chini, gizani, kwenye mpira mfupi unaopeleka hewa kutoka turbo hadi rejeta ya kupozea hewa, ile wanayoiita intakula. Povu likavimba. Likawa kama jicho la samaki, likapasuka, likaja jingine.

Akaufungua ule mpira, akanipa. Kwa juu ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Ukiugeuza, kwenye kunja, umechanika urefu wa kucha ya kidole gumba. Ulipokaa mkononi midomo ya ule mchaniko ilifumbana usiuone. Nilipoukunja, ikafumbuka.

"Mlangoni kuna karani," fundi akatueleza, akigonga ile sensa tuliyoisafisha Morogoro. "Anahesabu magunia ya hewa yanayoingia. Kompyuta inatoa petroli kwa hesabu ya karani. Magunia mengine yanachomolewa hapa njiani, yeye hajui. Hewa iliyofika ni ya magunia saba, petroli ni ya kumi. Ndiyo moshi wako."

Nikaikumbuka P0172. Namba ilikuwa sahihi, na karani alikuwa mwaminifu. Ningenunua karani mpya, plagi mpya, nozeli mpya, nikarudi Kitonga na mchaniko uleule.

Mpira mpya ulipatikana dukani jirani, wa gari jingine lakini kipenyo kimoja. Akaukata, akaufunga kwa klempu mbili, akapaka sabuni tena. Hapakuwa na povu. Mpira wa zamani niliuomba, akacheka, akaufunga katika gazeti.

Kutoka Ipogolo kwenda mjini Iringa ni mlima mkali. Fundi akakaa nyuma, kijana kando yangu, redio imezimwa. Nikakanyaga. Gari likanyamaza nukta moja, kisha nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu mume wangu alipokuwa akiliendesha yeye: mluzi mwembamba, wa mbali, unaopanda kadiri tunavyopanda, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Kioo cha nyuma kilikuwa cheupe. Tulifika juu kwa gia ya tatu, bonde lote na mto wake vikiwa chini yetu, na baridi ile ikiingia dirishani.

"Turudi gereji?" akauliza kijana.

Nikageuza gari, tukashuka mpaka chini kabisa, nikampitisha fundi mbele ya mlango wa gereji yake naye ameketi nyuma anatabasamu, nikageuza tena, tukaupanda mlima mara ya pili.