Barua Kutoka Denver: Bangi Halali, Usukani Haramu

DENVER, COLORADO.

Mgeni anayetua Denver kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: milima yenye theluji huku jua likiwaka, na maduka ya bangi. Mengi yana alama ya msalaba wa kijani. Mlangoni kitambulisho hukaguliwa, na ndani muuzaji huieleza bidhaa yake kama mfamasia aelezavyo dawa. Wapiga kura wa Colorado waliihalalisha bangi Novemba 2012, na tarehe 1 Januari 2014 jimbo hili likawa la kwanza Marekani kuiuza dukani kwa starehe ya mtu yeyote aliyetimiza miaka 21. Kijana aliyekulia mahali ambapo msokoto mmoja humfikisha mtu mahabusu hudhani kwamba kitu kilichouzwa kwa risiti hakiwezi kumfunga.

Kinaweza, na njia ya mkato ya kufika huko ni usukani.

Colorado ile ile iliyofungua maduka imeweka kipimo cha THC, ile kemikali ya bangi inayolevya: nanogramu 5 katika kila mililita ya damu. Dereva akifikisha kiwango hicho, mahakama inaruhusiwa kuchukulia kwamba alikuwa amelewa, ingawa ana nafasi ya kujitetea. Asipokifikisha, bado anaweza kutiwa hatiani kwa jinsi alivyoendesha. Kosa la kwanza la kuendesha kwa ulevi, ambalo Waafrika Mashariki wa huku hulitaja kwa herufi tatu tu, DUI, lina adhabu ya jela kuanzia siku 5 hadi mwaka mmoja, faini ya dola 600 hadi 1,000, saa 48 hadi 96 za kazi za jamii, na kunyang'anywa leseni kwa miezi 9. Hakimu anaweza kumwondolea mtu zile siku za jela akikubali kuhudhuria matibabu. Atakayerudia hadi mara ya nne huhesabiwa kuwa mhalifu wa jinai kubwa, na anaweza kwenda gerezani miaka 2 hadi 6.

Hiyo ni Colorado peke yake. Denver imekatizwa na barabara kuu ya I-70, inayoanzia Cove Fort, Utah, na kuishia Baltimore, Maryland, ikipita majimbo kumi. Vijana wengi wa kwetu wameacha kubeba maboksi ghalani wakajifunza kuendesha malori, na barabara hii wanaijua kama mtu ajuavyo njia ya kisimani. Dereva akielekea mashariki, sheria hubadilika chini ya magurudumu yake.

Kansas haijaihalalisha bangi, hivyo hata pakiti iliyofungwa, yenye risiti ya Denver, ni kosa. Missouri iliihalalisha mwaka 2022 na haina kipimo cha namba: mwendesha mashtaka lazima athibitishe kwamba dereva alikuwa amelewa. Illinois ina nanogramu 5, zipimwe ndani ya saa mbili baada ya kuendesha. Ohio iliihalalisha kwa kura ya mwaka 2023, lakini mstari wake katika damu ni nanogramu 2 tu, na kosa la kwanza humgharimu mtu angalau siku 3 za jela au za darasa maalumu la madereva.

Kisha Pennsylvania. Huko sheria haiulizi kama dereva alikuwa amelewa. Inauliza kama bangi, au mabaki yake, yamo katika damu. Kosa la kwanza ni saa 72 hadi miezi 6 jela, faini ya dola 1,000 hadi 5,000, na mwaka mzima bila leseni. Hata mgonjwa mwenye kadi halali ya bangi ya matibabu hana kinga.

Chanzo cha tofauti hizi ni maumbile ya bangi yenyewe. Wakenya wanakijua kifaa cha Alcoblow: dereva hupuliza, namba hutokea, ubishi huisha. Pombe hupungua mwilini kwa mwendo unaokadirika. THC hujificha katika mafuta ya mwili. Ikivutwa hupanda katika damu kwa dakika chache, kisha hushuka haraka huku kichwa bado kizito. Ikiliwa katika biskuti au peremende, hukawia hata saa mbili kabla ya kumlevya mtu. Mtumiaji wa kila siku anaweza kukutwa nayo siku kadhaa baadaye akiwa na akili timamu. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya AAA, chama kikubwa cha wenye magari, ilisema kipimo cha nanogramu 5 hakina msingi wa kisayansi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Arizona ilimnusuru dereva ambaye damu yake ilikuwa na mabaki yasiyolevya tu.

Kwa mhamiaji, hakimu wa jimbo si wa mwisho. Kanuni za shirikisho humkataza dereva wa lori kutumia bangi hata kama jimbo lake limeihalalisha, na mkojo wake hupimwa kwa kushtukizwa. Akikutwa nayo, jina huingia katika daftari la taifa la madereva, na tangu Novemba 2024 majimbo yanatakiwa kumwondolea leseni ya lori mpaka amalize hatua zote za kurudi kazini. DUI, hata akiwa na gari lake dogo siku ya mapumziko, humfungia leseni hiyo mwaka mmoja. Ya pili humfungia maisha.

Halafu kuna makaratasi. Aprili 2019 idara ya uraia ilitangaza kwamba kutumia bangi, au kuajiriwa katika biashara yake, kunaweza kumnyima mtu uraia kwa kukosa tabia njema, hata kama jimbo lake limeruhusu. Mwandishi wa safu hii anayasema haya yote kwa uchungu, kwa sababu leseni ikifungwa Columbus, Ohio, ada ya mtoto inakwama nyumbani Kasulu.

Ndiyo maana madereva wakongwe, wakisimama na wageni kwenye maegesho baada ya ibada, hutoa wosia ule ule. Mwenye leseni ya lori asiiguse bangi, hata likizoni. Aliyeitumia nyumbani ampe mwenzake funguo. Na akisimamishwa na polisi atoe leseni kwa adabu, aombe wakili, asijitetee kwamba alivuta "jana tu". Maneno hayo mawili huwa mwanzo wa safari ya kwenda kutolewa damu, na ikiwa ni Pennsylvania, ile jana bado imo ndani yake.