Ua Lisilonukia

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani hulipenda ua kwa harufu yake. Asumini, kilua, mkadi na waridi vina heshima majumbani mwetu, kwani hunukiza kikuba, nguo na chumba. Ua lisilonukia huulizwa: wewe wa kazi gani? Nilipoanza kuotesha zinia uani kwangu, majirani walistaajabu. "Sheikh, haya hayanukii!" Ni kweli, hayanukii. Lakini nisikilize.

Asili yake ni Meksiko. Jina lilitolewa mwaka 1759 kwa heshima ya Johann Gottfried Zinn, mwanachuoni wa Kijerumani aliyefariki mwaka huo huo akiwa na umri wa miaka 31. Elimu yake kubwa ilikuwa maumbile ya jicho. Jina limesadifu, kwani hili ni ua la jicho, si la pua: jekundu, la manjano, jeupe na la zambarau.

Kulipanda si kazi ngumu. Chagua mahali penye jua la kutwa, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha fukia mbegu nusu sentimita tu. Baina ya siku ya nne na ya saba utaiona miche. Ipunguze, kila mmoja uwe mbali na mwenziwe kiasi cha shibiri moja na zaidi, kwani ikisongamana hukosa hewa, na majani hushikwa na ukungu mweupe kama unga. Maji yamimine shinani asubuhi, usiyarowanishe majani. Yapata miezi miwili, maua yatachanua.

Usilikate changa, kwani halitafunguka tena chomboni. Shika kikonyo shibiri moja chini ya ua, ukitikise. Kikilegea, ngoja, kikisimama imara, kata juu ya jozi ya majani, na hapo patachipua matawi mawili. Mche unaokatwa huzidi kutoa, na ulioachwa maua yakaukie juu yake hupunguza. Ewe uliyeruzukiwa, lipime hilo mwenyewe.

Dada yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alilala kitandani miezi mingi. Maradhi yalimfanya asistahimili harufu yoyote. Asumini alizozishona ujanani mwake zilimtia kichefuchefu, na udi tuliacha kuufukiza. Wageni waliingia mikono mitupu, hawajui wamletee nini. Nikamwekea zinia katika gilasi. Aliyatazama kutwa, akizitaja rangi zake moja moja, nayo yalikaa wiki nzima kwa kubadilishiwa maji. Lile tulilolihesabu kuwa ni kasoro ndilo lililomfaa.

Nimesomesha watoto miaka mingi. Yupo mwenye sauti nzuri, mtaa mzima ukamsifu. Yupo pia asiye na sauti, na mzazi wake huniambia mbele yake, "Huyu hafai." Ndugu mzazi, usiseme hivyo. Hujui mwanao amewekewa kumfaa nani, wala katika chumba gani.

Mwisho, yaache maua machache yakauke juu ya mche mpaka yawe ya kahawia. Pukusa mbegu, zianike kivulini, zifunge katika karatasi. Nusu yake panda, na nusu mpe jirani, hasa yule aliyekuuliza ua hili ni la kazi gani.

Wabillahi tawfiq.