Mhindi wa Jamatini, Mwarabu wa Kondoa

Msomaji wangu, ukitia timu Dodoma ukasikia "Jamatini", ujue jina limetokana na jamatikhana ya Waismailia. Wahindi walishika biashara mjini. Waarabu wengine wakasonga mbele hadi Kondoa, wakafungua maduka vijijini. Nani alinufaika zaidi?

Mjini ndiko kulikokuwa na mapesa. Lakini mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Wahindi kibao nchini wakafungasha virago. Mwarabu wa kijijini akapona, mpaka Operesheni Maduka ya 1976.

"Duka la baba lilipofungwa, majirani walitulisha ulezi," mzee mmoja wa Kondoa aliniambia. "Ndiyo maana hatukuondoka, kijana."

Utajiri huo utauhesabuje?