Seva Isiyokataa

Seva ya kwanza niliyoandika mwenyewe haikuwahi kukataa kitu.

Ilikuwa ya kuigiza. Kikoba cha mama mdogo, Morogoro, kilitaka programu ya kutuma mgao kwa simu siku ya kuvunja, ili yeye, mweka hazina, asishinde mezani akihesabu noti. Kampuni ya malipo ilinipa maelezo ya API yake, lakini huwezi kujaribia programu kwenye fedha za watu. Kwa hiyo nikaijenga kampuni hiyo kwa uongo ndani ya kompyuta yangu. Python huja na moduli yake ya http.server; mistari kama 20 ilitosha. Nikaifungulia poti 8000, nikaielekeza programu kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo kompyuta hujiita yenyewe. Kila ombi la malipo lilipoingia, seva ilijibu 200, yaani limefanikiwa, pamoja na JSON fupi yenye neno "imelipwa". Nilijaribu majina yote 31. Yote yakalipwa. Nikalala vizuri.

Siku yenyewe mtandao ulikuwa unasuasua. Ombi la mwanachama mmoja lilifika, likalipwa, ila jibu halikurudi ndani ya sekunde 30 nilizoruhusu. Programu ikadhani limeshindikana, ikatuma tena. Mama yule akapokea mara mbili. Wa mwisho kwenye orodha hakupata kitu. Salio lilikuwa halitoshi.

Hakuna aliyesema programu imekosea. Wote walimtazama mweka hazina.

Mama mdogo alinipigia usiku. "Mwanangu, miaka tisa nimeshika fedha za hawa watu. Leo wananiuliza nimezipeleka wapi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikesha nikisoma rekodi za programu mstari kwa mstari, mpaka nikaona: namba moja ya simu, kiasi kilekile, maombi mawili yaliyopishana sekunde 31. Nikapanda basi la alfajiri na karatasi mkononi, nikaisoma mbele ya kikao, nikasema kosa ni langu. Aliyepokea mara mbili alirudisha siku hiyohiyo. Alidhani hisa zimezaa.

Niliporudi nyumbani niliiandika upya seva yangu. Sasa ni korofi. Ombi moja inalijibu 503, kana kwamba huduma haipatikani. Jingine inalikalia sekunde 40. Jingine inalilipa kimyakimya, halafu inakata mawasiliano bila kusema lolote. Hilo ndilo jaribio ninaloliamini kuliko yote. Programu nayo imetiwa adabu. Kila malipo yana namba yake ya pekee, na jibu likichelewa haikimbilii kutuma tena. Inauliza kwanza: namba hii imeshalipwa?

Mwaka uliofuata, siku ya kuvunja, nilikaa pembeni ya mama mdogo. Daftari lake lilikuwa wazi mapajani, kalamu tayari.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu, mama mdogo."

"Hata mwaka jana uliijaribu. Safari hii imeshindwa mara ngapi?"

"Mara 17. Na hakuna aliyelipwa mara mbili."

Akavaa miwani yake.

"Haya, tuma. Mmoja mmoja."