Puto Moja au Mirija Mingi?

Leo tuiweke Linux kando kidogo. Shangazi yangu anayeishi Marekani aliondolewa uvimbe mdogo wa saratani kwenye titi. Akaambiwa achague: mionzi ya titi zima kwa wiki kadhaa, au ya sehemu tu, mara mbili kwa siku kwa siku 5, kupitia kifaa kinachowekwa pale uvimbe ulipotolewa. Vifaa viko vya aina mbili, akaniuliza mimi “mtu wa kompyuta” vinatofautianaje. Mimi si daktari, lakini hesabu naipenda.

Haya basi. Kifaa cha puto, MammoSite, kilipata idhini Marekani mwaka 2002. Puto hujazwa maji ya chumvi, kisha mashine husukuma punje ya iridiamu-192 kupitia mrija mmoja wa katikati. Kipimo cha kawaida ni grei 34 kwa awamu 10, kikilengwa sentimita 1 nje ya puto.

Mionzi hupungua kwa mraba wa umbali. Chukua puto la kipenyo cha sentimita 4: kutoka katikati hadi pale kipimo kinapolengwa ni sentimita 3. Ngozi ikiwa milimita 5 tu kutoka kwenye puto, umbali ni sentimita 2.5. Sasa (3/2.5)² = 1.44. Yaani ngozi inapata asilimia 144 ya kipimo! Na kwa mrija mmoja, ukipunguza upande wa ngozi unapunguza pande zote.

SAVI haina puto. Mirija yake 6, 8 au 10 hufunguka kama mwavuli kuzunguka mmoja wa katikati. Mpangaji huamua punje ikae sekunde ngapi katika kila mrija. Ulio karibu na ngozi huupa muda mfupi. Kwa lugha yetu, vigeu vimeongezeka. Hasara? Mirija hugusa nyama, kwa hiyo kuna sehemu zinazopata mionzi mikali.

Je, sehemu tu inatosha? Jaribio la NSABP B-39, wanawake 4,216, lilitoa matokeo mwaka 2019: baada ya miaka 10 saratani ilirudi titi lilelile kwa asilimia 4.6, dhidi ya 3.9 kwa titi zima. Tofauti ni ndogo, ila wengi walitibiwa kwa mashine ya nje, kwa hiyo halituchagulii kifaa.

Nikamwandikia shangazi swali moja la kumpelekea daktari: hadi kwenye ngozi ni milimita ngapi? Picha ya CT ikajibu: 4. Akachagua mirija.